Kumpeleka baba Shamba la Bibi na Kwa Mkapa, tunatokea Kigoma. Naomba ushauri

BintiWaNjia (Kigoma), 14 Machi 2025

Shikamooni wakubwa. Wenzangu mnaofunga, swaumu njema.

Nauza dagaa na migebuka mikavu Kibirizi. Mpira naupenda, ila Dar es Salaam nimefika mara mbili tu, zote za kufuata hela ya mzigo, na uwanjani sijawahi kuingia. Ndiyo maana nauliza kabla sijalipa chochote. Safari hii si yangu, ni ya baba.

Baba ana miaka 71. Alikuwa fundi njia wa reli, ameishi kwenye magenge ya kati ya Uvinza na Kigoma mpaka alipostaafu. Ni Simba tangu timu ikiitwa Sunderland. Novemba 1993 yeye na rafiki yake wa genge moja walipanda treni hapa Mwisho wa Reli kwenda kuangalia fainali ya Kombe la CAF, la shirikisho la soka Afrika, Simba na Stella Abidjan. Kule Abidjan ilikuwa 0-0, kwa hiyo nchi nzima ilijua kombe linabaki nyumbani. Walikaa mzunguko, kwenye ngazi za zege, Uwanja wa Taifa wa wakati ule, huu unaoitwa Uhuru sasa, au Shamba la Bibi. Rais Mwinyi alikuwepo. Stella wakapiga mbili, Simba hawakupata kitu. Mimi nilikuwa na miaka saba. Ninachokumbuka ni mama kuizima redio mtangazaji akiwa bado anazungumza, na baba kurudi baada ya siku kadhaa, akavua viatu mlangoni, akaingia kulala bila kusalimia mtu. Mpaka leo ukitaja jina la Boli Zozo wa Stella anainuka anakwenda kuangalia mbuzi.

Tangu siku hiyo hajakanyaga uwanja wa Dar. Hata tarehe 25 Julai 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF ilipoletwa hapa kwetu uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga, baba alikuwa amelazwa. Nilikwenda mimi, na jioni nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikamsimulia kona ilivyopigwa na Lwanga alivyoruka.

Januari mwaka huu yule rafiki yake alifariki. Tulimzika Ujiji. Tukiwa tunarudi kwa miguu baba akaniambia, "Mwanangu, nataka nikapaone pale tulipokaa."

Sasa naomba mnisaidie. Huu Uhuru siku isiyo na mechi mtu anaruhusiwa kuingia akaangalia tu? Na kwa kuwa tutakuwa tumeshafika, nataka aone na uwanja mpya, Kwa Mkapa, Simba wakicheza. Marudiano na Al Masry ya Misri, robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ni tarehe 9 Aprili. Goti lake la kulia ni bovu, ngazi nyingi hawezi, kusimama muda mrefu hawezi. Nimkatie tiketi ya wapi? Na safari yenyewe, yeye anataka treni tu, basi hataki kulisikia.

---

Mwananchi_Temeke (Dar es Salaam), 14 Machi 2025

Dada BintiWaNjia, kwanza mpelekee mzee shikamoo yake. Mimi ni Yanga damu, lakini nimekulia nyuma ya viwanja hivyo viwili na hilo ulilouliza nalijua vizuri, nitakueleza lote.

Viwanja vyote viwili vipo pamoja, hapa Temeke. Ukisimama nje ya Uhuru, paa la Kwa Mkapa unaliona liko juu yako. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi wa kumzungusha mzee mjini. Kitakachomchanganya ni majina. Yeye akisema Taifa anamaanisha ule mdogo. Mpya ulipofunguliwa mwaka 2007 jina la Taifa likahamia kwake, na ule wa zamani ukaitwa Uhuru, kwa sababu ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Halafu Julai 2020 Mzee Mkapa alipofariki, Rais Magufuli akaupa ule mkubwa jina la Mkapa, maana ni yeye aliyeanzisha ujenzi wake akiwa Ikulu. Na watu walikwenda kumuaga wapi? Hapo hapo Uhuru. Kwa hiyo mzee akimwambia dereva "nipeleke Taifa" atashushwa kwenye mpya. Aseme Uhuru, au Shamba la Bibi, kila dereva wa Temeke anapajua.

Kuingia Uhuru: huko kuna ukarabati, mafundi wanaingia na kutoka, kwa hiyo si mahali pa kujiendea. Nendeni siku moja kabla ya mechi, asubuhi, na msiende kwa kujificha. Mwambieni mlinzi ukweli kama ulivyotuambia sisi, muombe akuitie msimamizi. Siku ya mechi usijaribu kabisa, watu wanakuwa wengi mno na polisi hawana muda wa kusikiliza habari za mwaka 1993.

Mechi yenyewe subiri kidogo kabla ya kulipia. Mwezi huu CAF wameufunga Mkapa kwa muda kwa sababu ya eneo la kuchezea, wanataka kuukagua tena. Wakiridhika, mechi ipo. Wasiporidhika itahamishwa na utakuwa umeshalipa nauli.

Tiketi: mzunguko ndiyo rahisi, lakini si ya mzee mwenye goti. Kule ni kusukumana mlangoni, na kwenye mechi kubwa watu wanasimama dakika 90. Mkatie VIP C au VIP B. Lazima uwe na kadi ya N-Card, unaijaza hela, unanunua tiketi, unaigusisha kwenye mashine ya mlangoni. Kila mtu na kadi yake, msiingie wawili kwa kadi moja.

Na nikuambie jambo. Kile kimya cha baba yako nakijua. Tarehe 28 Mei 2023 nilikuwa Kwa Mkapa, sisi na USM Alger, mkondo wa kwanza wa fainali ya Shirikisho Afrika. Mayele alisawazisha nikakumbatiana na mtu nisiyemjua, na hatujakaa vizuri wakatupiga la pili. Tulikwenda kushinda kwao 1-0 na bado tukakosa kombe kwa mabao ya ugenini. Siku ile ya Mei nilitembea toka uwanjani hadi Mtoni, daladala zinanipita na nauli ninayo mfukoni. Kwa hiyo mzee wako namwelewa.

---

Mnyamwezi_wa_Isevya (Tabora), 15 Machi 2025

Habari dada. Mimi nauliza tu: timu ya Mashujaa si wapo ligi kuu hapo kwenu tangu 2023, na Simba wanakuja Lake Tanganyika kila msimu? Hapa kwetu uwanja wa Ali Hassan Mwinyi nimewaona Simba na Yanga bila kutoka mkoani, nikatoka uwanjani nikawahi chakula cha usiku nyumbani. Kwa mzee wa miaka 71 ni safari ndefu mno kwa mechi moja.

Kama ni lazima, basi fanya hivi. Pandeni treni ya kawaida Kigoma mpaka Dodoma, mlale Dodoma, kesho yake mpande SGR, treni ya reli mpya. Dodoma hadi Dar daraja la kawaida ni 31,000, na safari haichukui hata saa nne. Stesheni ya zamani na ya SGR si moja, mtahitaji bajaji. Kitambulisho cha NIDA mbebe wote wawili. Mpande siku nyingi kabla, maana ni masika, na reli ya zamani maji yakiivamia husimama. Ukifika Dodoma tu umepona, kile kipande cha Gulwe na Kilosa ndicho kinachosumbua kila mwaka na nyie mtakuwa mmekikwepa.

---

BintiWaNjia, 15 Machi 2025

Kaka Mwananchi, shikamoo yako imefika. Baba kasema Marahaba, kisha kauliza "Yanga wa Temeke?" akacheka. Ahsante sana.

Kaka wa Isevya, Lake Tanganyika tunakwenda. Msimu uliopita nilimpeleka, alikaa vizuri, ziwa analiona, alifurahi. Lakini hakuniambia anataka kuwaona Simba. Alisema anataka kupaona pale. Hawa watu wawili walikaa genge moja miaka kumi na tisa, wamekula sufuria moja, na safari pekee waliyowahi kwenda pamoja ambayo haikuwa ya kazi ni ile. Mwenzake amekufa bila wao kupazungumzia. Hiyo ya treni hadi Dodoma nimeiandika.

---

Nesi_Mstaafu_Mwanga (Kigoma), 16 Machi 2025

Mwanangu, mimi nipo hapo hapo Mwanga. Nilimpeleka mume wangu Kwa Mkapa mwaka 2019 Simba wakicheza na Al Ahly, lile bao la Kagere. Ninayokuambia ni ya mwili, ya mpira waachie hao kaka zako.

Fika mapema sana, kabla ya adhuhuri. Mechi ikiwa saa kumi jioni, kuanzia saa nane milango inakuwa na watu wa kutisha. Akae kiti cha mwisho wa mstari, karibu na ngazi, aweze kunyoosha mguu na kwenda msalani bila kuruka watu. Chupa za maji watakunyang'anya mlangoni, kwa hiyo anywe kabla, na utanunua ndani. Dawa zake za presha weka mfukoni kwako, siyo kwenye mkoba. Kitambaa kizito cha kukalia ni muhimu. Kutoka, msitoke na umati. Kaeni mpaka wafagiaji waje. Sisi tulikaa karibu saa nzima, tukatoka kama tunatoka msikitini.

---

Mkali_wa_Katubuka (Kigoma), 3 Aprili 2025

Nimeufuatilia mjadala huu kimya kimya, leo naandika. Jana Simba wamepigwa 2-0 kule Misri. Sasa wanatakiwa kupata mawili ndipo wafike penalti, matatu ndipo wapite moja kwa moja. Dada, mimi nakushauri ughairi. Huyu mzee alikwenda mara moja akaona timu yake inakufa mbili bila nyumbani. Ukimpeleka tena aone vilevile, utakuwa umemsaidia nini? Mpeleke msimu ujao, mechi nyepesi.

---

BintiWaNjia, 3 Aprili 2025

Kaka wa Katubuka, ahsante, najua umesema kwa upendo. Jana usiku baada ya mechi nilikwenda chumbani kwake kumuuliza tuahirishe au vipi. Nilimkuta anapanga shati ndani ya begi. CAF wameshakubali uwanja, tiketi za treni ninazo. Tunaondoka Jumamosi inshallah.

---

BintiWaNjia, 19 Aprili 2025

Tumerudi salama tangu wiki iliyopita. Samahanini kwa kuchelewa, nilikuta mzigo wa dagaa umelowa na mvua ikabidi nianikie upya. Kaeni vizuri, nitaandika ndefu.

Njia nzima mpaka Uvinza baba hakukaa. Alisimama dirishani na goti lake lile lile, ananionyesha makalavati. Hili walilijenga upya baada ya mvua za mwaka fulani, hapa palikuwa na genge lao, pale kwenye mwembe ndipo walipokuwa wanasubiri treni ya chakula. Nilizaliwa nikimjua kuwa mfanyakazi wa reli, lakini kazi yenyewe sikuwahi kuiona mpaka nilipopita juu yake na yeye akiwa kando yangu. Baada ya Malagarasi akalala.

Dodoma nyumba moja ya wageni ilinikubalia kwa simu chumba cha chini, tulipofika usiku wakatupa cha ghorofa ya tatu na hakuna lifti. Nililia. Baba akapanda polepole, ngazi moja moja, ameshika ukuta. Mkisafiri na mzee fikeni mchana muone chumba kwa macho yenu kabla ya kutoa hela.

SGR ilimshangaza kwa jambo ambalo mimi nisingeligundua. Alikaa kama dakika kumi ametega sikio, kisha akasema, "Haina maungio." Reli ya zamani gurudumu linagonga kila kipande kinapoungana na kingine, ule mlio wa ta-ta, ta-ta aliousikia maisha yake yote. Hii imeunganishwa kwa kuchomelewa, inapita kimya. Alipoteremka Dar akainama kuangalia upana wake. Yetu ni mita moja, hii ni mita moja na sentimita 43 na nusu, na yeye alikuwa anaijua hiyo namba, ila alitaka kuiona chini ya treni.

Jumanne tarehe 8 tukaenda Uhuru asubuhi. Tulipita kwanza Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, akaangalia jengo la klabu kutoka ng'ambo ya barabara, hakutaka kuvuka. Uhuru ilikuwa kama Kaka Mwananchi alivyosema, mafundi wapo kazini, malori, vumbi. Mlinzi akakataa. Nikamweleza. Akakataa tena, kwa heshima, kwamba ndani si salama. Nikawa nageuka. Baba akamwambia, "Mwanangu, mimi nimefanya kazi ya njia miaka thelathini na mmoja, najua sehemu ya kazi inavyokuwa, sitasogea utakaponiambia nisisogee." Mlinzi akampigia mtu simu. Baadaye akatufungulia kageti, akaja nasi mwenyewe mpaka kwenye uwazi ambapo uwanja unaonekana wote, akasema hapa tu, dakika tano.

Nilikuwa na hofu kwamba hatapatambua. Pamebadilika sana, na yeye alikaa pale siku moja katika maisha yake, miaka 31 iliyopita. Akasimama anaangalia, hasemi kitu. Kisha akamuuliza mlinzi, "Jua linazama upande gani hapa?" Mlinzi akaonyesha. Baba akasema mechi ilikuwa jioni, na bao la pili lilipoingia hawakuliona vizuri kwa sababu jua lilikuwa machoni, rafiki yake alikuwa amejikinga kwa gazeti. Kwa hiyo walikuwa wanatazama magharibi. Kwa hiyo walikaa mashariki. Akageuka upande huo, akahesabu kwa mkono kutoka kona, akanyoosha kidole. "Pale. Usawa wa ile nguzo."

Kisha akainua mikono akamsomea mwenzake Fatiha. Mlinzi akavua kofia, naye akainua mikono. Mafundi wawili waliokuwa wamebeba mabomba wakasimama mpaka tulipomaliza. Dakika tano zilipita zamani lakini hakuna aliyetuambia tutoke.

Tulipotoka nje ndipo akautazama Mkapa, pale pale, lile paa jeupe. Akaniuliza watu wangapi. Nikamwambia elfu 60. Akasema siku ile yao ilisemekana pamejaa mpaka watu wamekaa kwenye nyasi.

Sasa mechi. Tulifanya yote ya Mama Nesi, tukaingia mapema, VIP C, kiti cha pembeni. Kitu cha kwanza baba alichosema baada ya kukaa ni kwamba wachezaji wako mbali. Shamba la Bibi, anasema, ulikuwa unasikia beki akimwita kipa. Hapa unaona kila kitu, uwanja wote uko chini yako kama sahani, lakini sauti za wachezaji huzisikii, unasikia watu tu. Mimi nilipenda nilichokiona, ule wekundu ulivyozunguka mpaka ukakutana. Yeye alipenda kukaa kwenye kiti chenye mgongo. Alikuwa anakipapasa.

Dakika ya 22 Mpanzu akafunga. Baba hakuinuka, alinishika mkono. Dakika kumi baadaye Mukwala akafunga la pili, na hapo watu wote wakaruka, sikuweza kumwona. Walipokaa nikamkuta ameketi vilevile, macho yamejaa. Akasema, "Mbili." Basi.

Kipindi cha pili kilikuwa kirefu kuliko safari ya Kigoma. Halikuingia lolote. Ikawa penalti. Baba akasema hawezi kuangalia, akainamisha kichwa, akaniambia, "Nitangazie." Nikamtangazia. Nilianza kwa sauti ya kawaida, halafu sijui ilitoka wapi, nikawa natangaza kama wale watangazaji wa redio, RTD ya zamani, anaweka mpira, anarudi nyuma, anakwenda. Kipa wetu Camara alipopangua nilipiga kelele watu wa mbele wakageuka. Kijana mmoja akazima simu yake akasogea anisikilize mimi wakati mechi anaiona. Simba 4, Al Masry 1. Nusu fainali. Baba akainua kichwa ile ya mwisho ilipokwisha kuingia, akauliza, "Kweli?"

Tulikaa mpaka wafagiaji wakaja. Mama Nesi, ahsante. Kaka Mwananchi alitufuata nje na gari la jirani yake, akatupeleka mpaka tulipofikia, akakataa hela ya mafuta. Alikuwa amevaa shati jeupe, hakuvaa ya kijani, kwa ajili ya baba. Kaka wa Katubuka, baba anakusalimu, anasema ulikuwa na haki ya kuogopa.

Kwa atakayekuja kuuliza kama mimi: anzeni na ule wa zamani, siku yake peke yake, msiuchanganye na siku ya mechi. Mechi inameza kila kitu. Tungekwenda siku moja, asingeweza kutafuta lile jua.

---

Mwananchi_Temeke, 19 Aprili 2025

Dada, umenitoa machozi na kesho nina kazi asubuhi. Mzee alinipa mkebe wa mawese pale garini, mke wangu kaupikia mchicha, nimeambiwa niulizie mwingine. Nitalipa huu, usibishe.

Mliwahi pia. Mmesikia nusu fainali na Stellenbosch mechi ya nyumbani kesho inachezwa Amaan, Zanzibar.

---

Mnyamwezi_wa_Isevya, 20 Aprili 2025

Nilisema ni safari ndefu mno kwa mechi moja. Nafuta maneno yangu. Mzee akipita tena Tabora aniambie siku, nitamletea asali stesheni, treni husimama muda wa kutosha.

---

BintiWaNjia, 26 Mei 2025

Nimeona wengi mnaniuliza kuhusu jana. Ndiyo, tulisikiliza. Fainali ya kwanza ya Simba Afrika tangu ile ya 1993, na baada ya mvua Mkapa ukaonekana haufai, ikapelekwa Amaan. Kule Berkane tulishafungwa 2-0, kwa hiyo baba alijua hali ilivyo. Nilimwambia twende kibandani tukaangalie kwenye runinga, akasema anataka redio, barazani kwake.

Mutale alifunga mapema na mtaa wa pili ukalipuka. Baba akaweka kikombe chini. Tukasubiri la pili, likakataa, na mwishoni kabisa Berkane wakasawazisha. 1-1, jumla 3-1, kombe likaenda Morocco. Nilikuwa nimekaa kizingitini nikimwangalia mkono wake, maana redio ilikuwa karibu naye. Hakuizima. Tulisikiliza mpaka mtangazaji alipomaliza kutaja majina ya waliocheza, akaaga, ukaingia muziki, ndipo baba akaniambia niende nikafunge mbuzi.